Hongo ya Mtani

Fundi Obedi alipoiona Fahali imeegeshwa upande wa pili wa barabara, kwanza alidhani Mzee Bartolomayo amepitiwa. Akasimama mlangoni mwa karakana yake, spana mkononi, akangoja mzee ashtuke, acheke, ageuze pikipiki na kuvuka kuja huku alikozoea. Mzee hakushtuka. Alivua helmeti, akapokewa kwa mikono miwili na Abdulwahab, fundi wa upande ule, akavutiwa kiti cha plastiki chenye mgongo, akakaa. Tena akakunja nne kabisa, kama mtu aliyefika kwake.

Tusizungushe maneno. Kilichompata Obedi asubuhi ile ulikuwa wivu, na wala haukuwa wivu wa kazi. Kazi zilikuwepo, bodaboda wa Mkonze peke yao walitosha kumshindisha na grisi mpaka viwikoni. Ulikuwa wivu ule wenyewe, wa mtu kumwona wake amekaa kwa mwingine na anacheka.

Na Fahali si pikipiki ya kubebea mkaa, mtu asije akadhani. Ni pikipiki ya safari ndefu, nyeusi, pana, yenye kioo cha kukinga upepo mbele, masanduku mawili ubavuni, na kiti cha nyuma ambacho Mama Tereza, mke wa mzee, hukikalia kama yuko sebuleni. Wazungu wawili walikuwa wanaizunguka Afrika nayo. Walipofika Dodoma wakachokana, mmoja akapanda ndege, mwingine akauza pikipiki. Mzee Bartolomayo alikuwa bwana mifugo, amezunguka vijiji vya Kondoa na Chemba maisha yake yote ya kazi juu ya vipikipiki vya serikali vinavyokohoa. Alipostaafu akainunua ile kubwa kwa kiinua mgongo chake. Watoto walilalamika, mkewe akanuna, kisha siku moja mkewe akafunga kilemba na kupanda nyuma. Mambo yakaishia hapo.

Tangu wakati huo fundi wa Fahali alikuwa mmoja tu. Obedi ndiye aliyeijua inapokohoa na inapodeka. Masanduku yalipong'oka kwenye makorongo ya njia ya Chemba, ni yeye aliyeyafunga upya, yakakaa kuliko yalivyotoka kiwandani. Na kulikuwa na kigoda. Obedi alikuwa amekichongea mzee kigoda cha mninga, akakizungushia vipande vya mpira wa ndani wa tairi ili kisimuumize. Hakuna mteja mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Mzee alikuja hata pikipiki isipokuwa na tatizo, akakaa hapo, akamenya karanga na kusimulia ng'ombe aliowahi kuwatibu, mmoja mmoja, na tabia zao. Obedi baba yake mzazi alimjua kwa picha tu. Hakuwahi kumwambia mzee hivyo, lakini kila alipoisikia Fahali inanguruma kutokea mtaa wa Kikuyu, alikipangusa kigoda kwa upindo wa shati.

Basi yamempataje haya? Yamempata kwa mdomo wake mwenyewe.

Tairi la nyuma la Fahali lilikwisha. Tairi la pikipiki kubwa namna ile halipatikani Dodoma, na hata Dar es Salaam waliambiwa wangoje meli. Mzee hakuwa na subira ya meli. Binti yao Angelina alikuwa amejifungua Iringa, mjukuu wa kwanza, na Mama Tereza alikuwa ameshafunga mzigo. Ndipo mzee alipokuja na simu yake, akamwonyesha Obedi watu wa huko Ulaya, wazee wenye ndevu nyeupe kama yeye, wanaofunga tairi la gari nyuma ya pikipiki za safari na kuzunguka nazo dunia. Tairi la gari linadumu, linabeba mzigo, na dukani lipo.

Obedi akacheka. "Mzee, gari linapita kona likiwa limesimama. Pikipiki inalala. Tairi la gari ni bapa kama kitanda, ukiilaza, itakukatalia."

"Hawa mbona wanalala nayo?"

"Hayo mambo ya kwenye simu, mzee wangu, waachie vijana."

Hapo alikosea. Mzee aliizima simu, akaitia mfukoni, akaondoka. Karanga zake aliziacha kwenye kigoda, nusu hazijamenywa.

Na upande wa pili wa barabara alikuwepo Abdulwahab.

Abdulwahab ni Mnyamwezi wa Tabora, mtu mnene, mcheshi, mwenye kompresa mpya na sauti ya kufika sokoni. Obedi ni Mgogo. Na hao ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, Wanyamwezi walipokuwa wanapita Ugogo na mizigo mabegani kwenda pwani, na Wagogo wakiwazuia njiani mpaka watoe hongo ndipo waonyeshwe maji. Siku hizi neno hongo limeharibika. Ukilitamka kwenye ofisi za serikali kule Mtumba watu wanageuka kuutazama mlango. Lakini kati ya mafundi hao wawili lilikuwa salamu.

"Mbukwenyi, Mgogo!" Abdulwahab alipiga kelele kila asubuhi, kwa salamu ya Kigogo. "Leo umeshawatoza hongo wangapi?"

"Pita upesi, mpagazi, kabla sijakutua huo mzigo wa tumbo!"

Mtani hakasirikiwi. Unamtukana, unakunywa chai yake, unachukua spana yake bila kuomba, na yeye anafanya vivyo hivyo kwako, na aliyenuna ndiye mwenye makosa. Dorkasi, mama wa chai aliyeweka meza yake katikati ya karakana hizo mbili, alisema hajawahi kuwasikia wakisemezana neno moja la maana. Alikuwa sahihi. Walikuwa hata hawajui majina ya watoto wa kila mmoja.

Asubuhi ile, basi, Abdulwahab aliifungua Fahali mbele ya macho ya Obedi. Watu walijaa. Obedi alijifanya anafunga mnyororo wa bodaboda moja, mnyororo ambao ulikuwa umeshafungwa. Alimwona mwenzake akilichukua tairi jipya la gari, pana, jeusi, bado lina vinywele vyake vya mpira, akapaka povu la sabuni kwenye ukingo na kwenye rimu. Halikukubali kwa urahisi. Midomo ya tairi la gari ni migumu na rimu ya pikipiki haikutengenezwa kwa ajili yake. Abdulwahab hakutumia nguvu. Alilibembeleza, akaligeuza, akalikanyaga kwa goti huku, akalinyanyua kwa chuma kule, akaongeza povu. Kisha akawaambia watu wasogee mbali, akafungulia upepo. Tairi likavimba kimya kimya. Paa! Upande mmoja ukakaa. Paa! Na wa pili. Watu wakapiga makofi, na Mzee Bartolomayo akasimama kwenye kile kiti cha plastiki kama mtoto.

Kazi ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuuma Obedi kuliko yote. Angeiona mbovu angelala usingizi.

Abdulwahab aliijaribu mwenyewe, peke yake, akaenda na kurudi. Akaingiza kidole pande zote mbili za gurudumu kuhakikisha haligusi chuma. Halikugusa. Kisha mzee akapanda, naye peke yake, akapita taratibu mbele ya karakana ya Obedi bila kugeuza shingo. Gurudumu la nyuma lilipita karibu kabisa. Obedi akaliona lilivyojaa chini ya madigadi, mabega yake mapana yamepanda juu mpaka pembeni, pale ambapo tairi la zamani, kwa kuwa ni la mviringo, lilikuwa linaacha nafasi.

Akaikumbuka bolti.

Alipofunga yale masanduku yaliyong'oka, alikosa bolti fupi ya upande wa kushoto, akatumia ndefu ya tela. Ncha yake ilitokeza ndani, juu ya tairi, urefu wa kucha. Haikuwa na shida. Kwa tairi la mviringo ncha ile ingeweza kukaa pale mpaka dunia iishe. Lakini bega la tairi la gari lilikuwa sasa linapita chini yake kabisa. Mtu mmoja akipanda, shokapu zinaibeba pikipiki juu, hakuna kinachogusa. Wakipanda wawili, masanduku yamejaa, pikipiki inakaa chini. Na kwenye kila shimo bolti ile itakula tairi kidogo, kisha kidogo tena. Obedi aliyaona hayo yote kabla mzee hajafika mwisho wa nyumba za jirani. Ilikuwa bolti yake. Hakuna mwingine aliyeijua.

Mzee akageuza, akarudi kwa Abdulwahab. Obedi alivuka barabara nusu, akasimama.

Aseme ili iweje? Ili tairi likae vizuri zaidi? Ili Abdulwahab asifiwe mara mbili, na yeye aonekane ameacha chuma ndani ya Fahali? Moyo wa mwenye wivu una kasi. Katika kusimama huko tu ulikuwa umeshamwonyesha picha nzima. Haikuwa picha ya ajali, la. Ilikuwa pancha. Pancha ndogo tu, ya huko Fufu kwenye njia ya Iringa, mchana kweupe. Mzee ameegesha kivulini, ametoa simu, anapiga namba ya Obedi wala si ya mtu mwingine, anasema: mwanangu, ulisema kweli, njoo unichukue. Picha ilikuwa tamu mpaka aibu.

Kwa hiyo akasema, lakini akasema kama alivyozoea.

"We mpagazi!" alipaza sauti. "Hilo tairi litakula watu! Mzee, huyo anakufunga jiwe la kusagia!"

Watu wakaangua kicheko. Abdulwahab akashika kiuno. "Haya, Mgogo ameshaanza! Mpeni hongo yake anyamaze!"

Hata mzee alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumchekea Obedi tangu siku ya simu, na Obedi, Mungu amsamehe, alikifurahia kile kicheko. Akarudi kwake. Nimesema, alijiambia. Wamecheka wenyewe. Siku nzima alijiambia hivyo, na kila alipojiambia ilimbidi ajiambie tena.

Kesho yake asubuhi mzee na mkewe walikuja kwa Abdulwahab kupimwa upepo kabla ya safari. Fahali ilikuwa imepambwa. Masanduku yamejaa, juu yake umefungwa mkungu wa ndizi wa nini sijui wakati Iringa ndizi zipo, na Mama Tereza alikuwa nyuma, kilemba juu, helmeti mapajani, amekumbatia kikapu cha zabibu. Mzee alishuka kumsalimia Abdulwahab. Mama Tereza yeye aliteremka, akavuka barabara moja kwa moja hadi kwa Obedi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hutuagi?"

Obedi alianza kufuta mikono yake kwa tambara.

"Mzee wako amelalamika njia nzima. Obedi kaninunia, Obedi kaninunia. Nikamwambia wewe ndiye uliyenuna." Akatoa kishada cha zabibu kikapuni, akakiweka juu ya kigoda, pale pale penye vumbi la siku zile zote. "Kula. Nyingine nampelekea Angelina, anyonyeshe vizuri. Nitamsalimia kwa niaba yako."

Akavuka kurudi, akapanda kiti chake. Shokapu zikazama. Obedi akaliona gurudumu likipanda ndani ya madigadi kama mtu anayeingia uvunguni.

Katika ile pancha yake ya Fufu, hakuwa amempakia Mama Tereza. Alikuwa amempakia mzee na wivu wake mwenyewe tu. Sasa picha ikajichora upya bila kumuuliza: kona za mlima Nyang'oro kabla ya Iringa, korongo upande mmoja, tairi lililoliwa njia nzima, na kilemba kile. Akatupa spana akakimbia.

"Mzee, usiondoke! Tairi linagusa!"

Abdulwahab alikuwa amechuchumaa anapima upepo. Hakuinua hata kichwa. "Umechelewa, Mgogo. Hongo tumeshalipa getini."

"Sitanii. Kuna bolti ndani, kushoto. Wakikaa wawili inagusa."

"Inagusa moyo wako," Abdulwahab akasema, na wateja wa chai wakacheka. Dorkasi alicheka mpaka akamwaga maziwa.

"Naapa kweli, sitanii!"

"Kila siku huwa unaapa!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameapa juu ya tumbo la Abdulwahab, juu ya kompresa yake, juu ya babu zake. Obedi alijaribu kubadili uso, aonekane mtu wa kweli, na uso wake ulipobadilika wakacheka zaidi, maana walidhani ndiyo sehemu tamu ya mchezo. Akamgeukia mzee. Mzee hakuwa anacheka. Alikuwa anavaa helmeti.

"Obedi," alisema kwa sauti ya chini, "nilikuletea kazi hii, ukanicheka. Mwenzako ameifanya. Kama una wivu, kuwa nao, lakini usiniharibie safari mbele ya watu."

Ilikuwa kweli tupu. Mzee akapanda, akawasha. Fahali ikanguruma. Obedi akaangalia huku na huku, maneno yote yamekwisha thamani, hakuna hata moja ambalo mtu angelinunua. Alichobakiwa nacho ni utani wenyewe. Basi akautumia. Alikwenda mbele ya gurudumu, akalala chali barabarani, mikono kifuani, kama watani wanavyojilaza njiani kuzuia jeneza lisipite mpaka wapewe chochote.

"Hapiti mtu," alisema akiwa pale chini. "Natoza hongo."

Watu walipagawa kwa furaha. Bodaboda wakasimama kutazama. Mtu akamrushia sarafu, akaitupa. Mwingine akamrushia andazi. Mama Tereza alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga.

"Haya, mtani kalala," Abdulwahab akasema, kwa kuwa sheria ni sheria na mtani aliyelala njiani hakanyagwi wala haburutwi. "Sema bei yako, jua linapanda."

"Kidole chako."

"Unataka kukila?"

"Mzee na mama wakae hivyo hivyo. Ingiza kidole juu ya tairi, kushoto, ndani kabisa kwenye madigadi. Ukikitoa, ndiyo hongo yangu. Nitainuka."

Abdulwahab akawapungia watu mkono kama mchekeshaji, akapiga magoti nyuma ya Fahali, akakunja mkono wa shati. "Jamani, nikipoteza kidole, Mgogo huyu ataniolea mke wa kunilisha." Akaingiza. Akapapasa. "Hapa hakuna kitu. Hapa hakuna... hapa..."

Kidole kikasimama.

Wale wa mbele walikuwa bado wanacheka. Abdulwahab akaukunja uso, akasogeza kidole tena, taratibu, kisha akakitoa na kukiangalia. Kilikuwa kimejaa punje nyeusi za mpira, laini kama unga. Kutoka nyumbani kwa mzee mpaka pale si mbali, na bolti ilikuwa imeshaanza kula.

"Mzee, zima," alisema. Haikuwa sauti yake ya kila siku. "Mama, shuka tafadhali. Pole pole."

Obedi akainuka, mgongo umejaa vumbi. Hakuna aliyemcheka tena, na ilikuwa afadhali wangecheka. Abdulwahab aliwasha tochi ya simu, mzee akainama akatazama: ncha ya chuma juu, na kwenye bega la tairi jipya mkwaruzo, bado wa juujuu, lakini ulionyooka kama uliopigwa rula.

"Hii bolti kaweka nani?" mzee akauliza.

"Mimi," Obedi akasema. "Ile siku ya masanduku."

"Na umeikumbuka lini?"

Hapo palikuwa na uongo mzuri, mwepesi, uko tayari. Asubuhi hii, mzee, mama alipopanda. Nani angebisha? Obedi aliufikisha mdomoni, akamwona Mama Tereza amesimama na kikapu chake, akaushindwa.

"Jana," alisema. "Ulipopita mbele yangu."

Mzee Bartolomayo alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Jana," alisema. "Ukaniacha nikampakie mama yako."

Kama angempiga kofi ingekuwa nafuu. Obedi alitazama chini, kwenye ile sarafu aliyoitupa. Dorkasi alianza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Mama Tereza alikihamishia kikapu mkono wa pili, na huyo ndiye ambaye Obedi alimwogopa kuliko wote.

Aliyesema alikuwa Abdulwahab.

"Mzee, alisema jana. Mimi nilikuwepo. Alisimama pale katikati ya barabara akasema tairi hili litakula watu. Tukacheka. Wewe ulicheka, na mimi nilicheka kuliko wewe. Kazi ni yangu, ilikuwa nikague mimi, nikiwa nimepakia watu wawili. Sikukagua. Akiulizwa mtu, niulizwe mimi."

Alijua si hivyo. Fundi hamdanganyi fundi. Mtu mwenye la kusema huvuka barabara akalisema, hasimami katikati akapiga kelele. Alijua kabisa Obedi alichofanya jana na kwa nini, pengine alikuwa amejua tangu jana ile ile kwamba mzaha wa mwenzake una kitu ndani. Na bado alisimama pale na kidole chake cheusi, akajitwisha. Obedi alimtazama, na wivu ukamrudia upya. Alikuwa amemwonea mtu yule wivu kwa kompresa, kwa kiti chenye mgongo, kwa mzee. Sasa alimwonea wivu kwa hili pia, na hili lilikuwa kubwa kuliko kompresa.

"Kateni," mzee alisema.

Obedi alileta msumeno wa chuma. Alilala tena chini, safari hii kwa kazi, Abdulwahab akamshikia tochi, na wala hawakutaniana. Ncha ikadondoka mkononi mwake. Akaipiga msasa mpaka ikawa laini, akapitisha kidole, Abdulwahab naye akapitisha chake. Mzee na mkewe wakapanda, watu wawili wazito wakaombwa kukandamiza masanduku, kidole kikapita bila kugusa chochote.

Wakati wa kuondoka mzee alimpa mkono Abdulwahab. Obedi hakumpa. Alimtazama tu, kwa muda, kama alivyokuwa akiwatazama ng'ombe wake wa zamani akijiuliza kama watapona. Mama Tereza ndiye aliyeinama kutoka kwenye kiti chake.

"Kigoda kina vumbi," alimwambia. "Nimekiona."

Fahali ikaondoka. Tairi la gari likashika lami, pana na tulivu, na pale kwenye mzunguko wa mbele mzee akailaza kidogo kwenye kona. Haikumkatalia. Obedi alisimama akaitazama mpaka mwisho, akisubiri ajisikie vibaya kwa jambo hilo, na kweli alijisikia vibaya, lakini kidogo.

Aliporudi karakana alimkuta Abdulwahab ameshavuka na kufika kabla yake. Alikuwa amekalia kigoda cha mzee, makalio yamemwagika pande zote, anakula zile zabibu.

"Toka kwenye kigoda cha watu," Obedi akasema.

"Nipe hongo kwanza."

Obedi aliketi chini kwenye sakafu ya grisi, mgongo ukutani. Baadaye akauliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mtu yule tangu wafahamiane, swali la kweli, lisilo na mzaha.

"Kwa nini umesema vile kwa mzee?"

Abdulwahab alitema mbegu ya zabibu mlangoni.

"Vile vipi? Mimi ni Mnyamwezi, bwana. Nimezoea kubeba mizigo ya watu."